Presi isikutangulie: vifaa vya kuanza kujaza upya risasi za shabaha nyumbani

Swali la anayeanza huwa lilelile: ninunue presi (mashine ya mkono ya kusukumia ganda) gani? Baada ya miezi kadhaa linakuja la pili: mbona risasi nilizojaza mwenyewe zinatawanyika kuliko za dukani? Maswali haya ni ndugu wa tumbo moja. Aliyemaliza fedha kwenye presi kubwa mara nyingi amebana matumizi kwenye kalibu (vipande vya chuma vya kulipa ganda umbo na kukalisha kichwa), mizani na vyombo vya kupimia, na hivyo vitatu ndivyo vinavyofanya risasi ya hamsini ifanane na ya kwanza. Presi kazi yake ni kusukuma tu.

Mwongozo huu ni wa kuchagua vifaa. Kiasi cha baruti hutakikuta hapa, wala usikipokee kutoka mdomoni mwa mtu yeyote, hata awe mlengaji hodari kiasi gani. Kiasi kinatoka kwenye kitabu cha mtengenezaji wa baruti au wa vichwa, basi.

Ili twende pamoja: risasi kamili ina vitu vinne, yaani ganda la shaba, fataki (kiwashio) inayokaa katikati ya kitako cha ganda, baruti, na kichwa kinachoruka kwenda kwenye shabaha. Ganda lenyewe lina kitako, mwili, bega, shingo na mdomo. Kichwa na baruti huondoka mara moja na havirudi. Ganda ndilo linalorudi mezani, kwa hiyo vifaa vingi hapa chini ni vya kulihudumia ganda.

Kabla ya kutoa fedha

Anza na sheria. Kibali cha kumiliki bunduki hakimaanishi kila mahali kwamba unaruhusiwa kujaza risasi. Zipo nchi zinazoruhusu bila masharti mengi, zipo zinazotaka kibali cha pekee cha baruti na fataki na kuweka ukomo wa kiasi cha kuhifadhi nyumbani, na zipo ambako kujaza risasi ni kosa la jinai hata kama bunduki yako ni halali. Uliza mamlaka iliyokupa leseni, upate jibu la maandishi, ndipo uendelee. Ukikataliwa, mambo yameishia hapo.

Baada ya hapo, hakikisha una hivi:

- Bunduki moja na aina moja ya risasi. Kama bado hujachagua, .308 Winchester na 6.5 Creedmoor zina vipimo tele vitabuni, na maganda na vichwa vyake vya shabaha hupatikana kwa urahisi kuliko vya aina nyingi nyingine.
- Maganda 50 hadi 100 ya kampuni moja, ambayo yamefyatuliwa kwenye bunduki yako mwenyewe. Usiokote ya watu uwanjani.
- Chumba kikavu chenye mlango wa kufunga kwa ufunguo, mbali na moto, sigara na watoto. Usifanyie kazi hii jikoni. Fataki nyingi zina madini ya risasi, na masizi yake yako kwenye kila ganda lililotumika. Usile wala kunywa mezani hapo, na unawe mikono ukimaliza.
- Meza nzito iliyofungwa ukutani. Meza inayoyumba itakufanya uilaumu presi isiyo na kosa.
- Miwani ya kulinda macho, ya kuvaa muda wote na si wakati wa fataki pekee.

Kagua pia ndani ya maganda kwa tochi. Ukiona tundu moja katikati ya kitako, ni mfumo wa Boxer, unajazika. Ukiona vitundu viwili pembeni, ni Berdan. Pini ya kung'olea fataki itavunjika humo. Yaweke kando.

Hatua kwa hatua

1. Nunua kitabu kwanza. Wengi hukinunua mwisho. Kitabu cha Hornady, Sierra, Lyman, Berger au Vihtavuori kitakuonyesha kwa kila risasi urefu wa ganda, urefu wa risasi nzima, baruti zinazofaa, kiasi cha kuanzia na kiasi cha juu kabisa. Ukipata viwili ni bora zaidi, maana unaweza kulinganisha. Soma sura za mwanzo zote kabla ya kufungua majedwali. Ukikutana na neno la kifaa usilolijua, liandike. Mwisho wa sura utakuwa na nusu ya orodha yako ya manunuzi.

2. Chagua presi ya hatua moja. Kuna presi ya hatua moja, inayofanya kazi moja kwa kila mvuto wa mkono. Ya kichwa kinachozunguka, inayoshika kalibu kadhaa kwa pamoja. Na ya mfululizo, inayotoa risasi kila mvuto. Hiyo ya mwisho ni nzuri kwa anayehitaji risasi mamia kwa mamia. Kwa mtu anayejifunza ni mtego, kwa sababu mambo manne hutokea kwa pamoja na jicho lake lina nafasi ya kuangalia moja. Chukua ya hatua moja yenye umbo la O lililofungwa pande zote, chuma cha kutosha, matundu ya kalibu ya kipimo cha kawaida cha 7/8-14. RCBS, Lee, Redding, Hornady na Lyman wote wanazitengeneza, na ya mitumba iliyotunzwa haina ubaya. Ipandishe pistoni na kuishusha: ikicheza pembeni waziwazi, iache.

   Onyo: yale maboksi yanayouzwa na kila kitu ndani yanavutia, na baadhi yana presi nzuri. Kinacholegea humo mara nyingi ni mizani. Piga hesabu ukiwa umeichukulia mizani hiyo kama haipo, ndipo uamue kama boksi bado lina faida.

3. Weka fedha kwenye kalibu. Hapa usikimbie. Unahitaji mbili: ya kurudisha ganda kwenye umbo lake, na ya kukalisha kichwa.

   Ganda likifyatuliwa hutanuka na kujaza chemba ya bunduki yako. Kalibu ya kwanza hulibana lirudi. Zipo zinazobana shingo tu na zipo zinazobana ganda zima. Ushauri wa zamani ulikuwa shingo tu, ili ganda libaki na umbo la chemba. Inafanya kazi mara chache, kisha bolti ya bunduki inaanza kuwa ngumu kufunga na unarudi kununua ile ya pili. Nunua ya ganda zima tangu mwanzo, ila usiifunge kwa kufuata tu karatasi ya maelezo. Ifunge kwa kipimo: bega lirudi nyuma milimita 0.03 hadi 0.05 kutoka pale lilipokuwa baada ya kufyatuliwa. Ukilirudisha zaidi, ganda litavutika kila unapofyatua na kukonda karibu na kitako, mpaka siku litakapokatika. Hii ndiyo sababu hatua ya 5 haina mjadala.

   Ukiwa na uwezo, chagua aina yenye pete ya shingo inayobadilishwa. Pima kipenyo cha nje cha shingo ya risasi iliyokamilika, kisha chukua pete iliyo ndogo kwa milimita 0.05 hivi. Hapo shingo inakishika kichwa vya kutosha bila kukisaga. Ukichukua kalibu ya kawaida yenye kitunguu cha kupanulia shingo kwa ndani, paka kilainishi kidogo ndani ya shingo, la sivyo kitunguu kitaivuta shingo na kuipindisha kinapotoka.

   Kalibu ya kukalishia kichwa yenye maikromita juu ni raha kutumia, lakini raha hiyo inaweza kusubiri. Kinachohitajika mapema ni kisukumio chake kulingana na umbo la kichwa unachotumia. Vichwa virefu vyembamba vikisukumwa na kisukumio kisicho chao hutoka na pete ya mkwaruzo shavuni, na kina kinabadilika risasi kwa risasi.

4. Kishikio cha ganda na kilainishi. Kishikio kinategemea aina ya risasi; angalia namba kwenye jedwali la mtengenezaji. Kilainishi kiwe cha kazi hii, cha nta au cha kupuliza. Mafuta ya gari na ya kupikia hapana. Usibane hata ganda moja kavu.

5. Kalipa na kipimo cha bega. Kalipa (kipimo chenye taya) ya chuma cha pua inayosoma milimita 0.01 inatosha; si lazima iwe Mitutoyo, ingawa ukiishika ya Mitutoyo utaelewa kwa nini watu wanaililia. Pamoja nayo nunua viambatisho viwili vinavyofungwa kwenye taya zake. Kimoja hupima kutoka kitakoni hadi begani, ndicho kitakachokuambia bega limerudi kiasi gani. Kingine hupima kutoka kitakoni hadi shavuni mwa kichwa, pale kinapoanza kugusa mifuo (michirizi ya ndani) ya mtutu. Ncha za vichwa hazilingani hata ndani ya boksi moja, kwa hiyo anayepima risasi kwa urefu wa nchani anafukuza kivuli. Urefu wa nchani una kazi moja tu: kujua kama risasi itaingia kwenye magazini.

   Pima maganda matano yaliyofyatuliwa, uandike. Namba hiyo ni ya bunduki yako na hakuna kitabu kitakachokupa.

6. Mizani. Baruti hupimwa kwa greni. Greni moja ni gramu 0.0648, na gramu moja ni greni 15.43. Mizani yako lazima isome hadi 0.1 ya greni, yaani takribani gramu 0.0065. Jua kwamba punje moja ya baruti ya vijiti ina uzito wa karibu greni 0.02, hivyo punje tano zinaweza kupita bila mizani kushtuka.

   Una njia mbili zinazoeleweka. Ya kwanza ni mizani ya zamani isiyo na umeme, yenye mkono unaoelea na uzani wa kusogeza. Ni ya polepole, lakini haina betri, haijali joto la chumba, na ikitunzwa inaweza kukuzika. Ya pili ni ya kielektroniki. Iwashe nusu saa kabla, isimame sawasawa, iwekee uzani wa kusanifishia, na uiweke mbali na feni, dirisha lililo wazi na simu. Mizani ndogo za bei rahisi zina ugonjwa mmoja ambao maelezo ya dukani hayautaji: ukidondosha punje mojamoja, zinaichukulia nyongeza hiyo kuwa ni mtikisiko na kuifuta. Unaendelea kudondosha, namba haisogei. Inua kikombe, kirudishe, usome upya.

   Ya aina yoyote, nunua seti ya uzani wa majaribio. Kila unapoanza na kila unapomaliza, weka uzani ulio karibu na kiasi chako cha baruti. Usipolingana mwishoni, zile ulizojaza katikati zina mashaka zote.

   Wale wa mashindano hutumia mizani za maabara kama A&D FX-120i inayosoma hadi gramu 0.001. Ni kifaa kizuri. Si cha mwaka wako wa kwanza.

7. Kipimio cha baruti, kidondoshi, faneli. Kipimio cha ujazo hupenda baruti ya vipunje vya duara. Baruti ya vijiti, ambayo wengi wa shabaha huitumia, hukwama na kukatwakatwa humo. Itoe ikiwa pungufu kidogo, kisha umalizie kwa kidondoshi juu ya mizani. Hata kijiko kidogo kitafanya kazi hiyo ukiwa na subira. Mashine zinazopima zenyewe zinaokoa muda tu.

8. Vya kukatia na kulainishia mdomo. Ganda hurefuka kila linapobanwa. Likipita urefu wa juu, mdomo unaingia kwenye koo la mtutu, unakibana kichwa, na shinikizo linapanda vibaya. Kwa .308 Winchester urefu wa juu ni milimita 51.18 na wa kukatia ni 50.93. Kikatio cha mkono kinatosha kwa maganda 100. Baada ya kukata, lainisha kingo za mdomo ndani na nje kwa kifaa chake, mizunguko miwili au mitatu ya wepesi. Usichonge mpaka mdomo uwe kama wembe.

9. Kifaa cha mkono cha kukalishia fataki. Presi nyingi zina mkono wa kazi hii, ila chombo cha mkononi kinakupa hisia za vidole: unajua fataki imefika chini. Ikae chini kidogo ya uso wa kitako, milimita 0.08 hadi 0.13. Pitisha kidole; ikichomoza, ganda hilo lisiende mbele. Usimwage fataki kwenye kopo au chupa hata siku moja. Zikikaa pamoja bila vitenganishi, moja ikilipuka huzilipua zote. Ziache kwenye kasha lake la asili mpaka dakika ya kuzitumia.

10. Vidogo vya lazima. Ubao wa matundu wa kusimamishia maganda, nyundo ya kung'olea vichwa (utaihitaji, usijidanganye), lebo, na daftari. Kusafisha maganda mwanzoni kunawezekana kwa maji ya moto na sabuni, mradi yakauke kabisa kabla ya kujazwa. Ukija kununua mashine ya kusugulia kwa chembe za mabunzi, chekecha nje. Vumbi lake lina madini ya risasi.

11. Jaribu vifaa bila fataki wala baruti. Ng'oa fataki, safisha, paka kilainishi, bana, futa, pima bega, kata, lainisha mdomo, kalisha kichwa. Tengeneza risasi tano za mfano, uzitoboe ubavuni zisije zikachanganywa na za kweli. Pima zote tano. Bega likitofautiana zaidi ya milimita 0.03 kati yao, tatizo ni kilainishi kisicho sawa au mkono unaovuta kwa kasi tofauti. Lirekebishe sasa. Mfano mmoja ubaki kwenye droo, utakusaidia kufunga kalibu tena.

12. Ndipo ununue baruti, fataki na vichwa. Aina moja moja, zilizomo kwenye jedwali la kitabu chako. Mezani liwe kopo moja tu la baruti, na ukimaliza baruti irudi kwenye kopo lake la asili siku hiyohiyo. Anza na kiasi cha kuanzia, usiguse cha juu. Wala usishuke chini ya cha kuanzia ukidhani unajihadhari. Baruti pungufu nayo ina hatari zake. Ukishajaza maganda kwenye ubao, mulika yote kwa tochi, uone kimo cha baruti ni kimoja, kabla ya kukalisha kichwa cha kwanza.

Vya kuacha kwa sasa

Mashine ya kupasha shingo moto, kifaa cha kuchonga unene wa shingo, kalibu za mkono za L.E. Wilson na presi yake ndogo, kipimo cha kuonyesha kama kichwa kimekaa wima kwenye ganda. Vyote vina kazi. Ila bila kipima mwendo wa risasi hutajua kama vimekusaidia, kwa hiyo kama kuna fedha iliyobaki, kipima mwendo kitangulie. Kikikuonyesha kwamba mwendo unatofautiana sana kati ya risasi na risasi, rudi kwenye mizani na shingo kabla ya kurudi dukani.

Mambo yakienda kombo

*Ganda limenasa kwenye kalibu.* Kilainishi kilikuwa kidogo. Usining'inie kwenye mkono wa presi, utachana kitako. Kuna seti ya kutolea: unatoboa kitako, unachonga nyuzi, unavuta kwa skrubu.

*Bega lina mabonyeo.* Hapa kilainishi kilizidi. Mabonyeo madogo hunyooka ganda linapofyatuliwa.

*Bolti ngumu kufunga.* Pima bega kwanza, halafu urefu wa ganda. Vyote vikiwa sawa, angalia kama kalibu ya kukalishia imeshushwa mno ikauvimbisha mwili chini ya bega.

*Bolti ngumu kufungua, fataki imebapa, au kitako kina alama ya kung'aa.* Shinikizo limezidi. Acha kufyatua papo hapo. Usijiambie ni risasi moja mbaya. Zilizobaki zote zing'olewe vichwa, kisha kagua mizani, aina ya baruti na urefu wa maganda.

*Kichwa kinasukumika kwa kidole.* Shingo haijabanwa vya kutosha: pete ni kubwa, au shaba imechoka na inarudi nyuma ikishaachiwa.

*Kina cha vichwa kinatofautiana.* Thibitisha kwamba unapima shavuni. Kama ni kweli kinatofautiana, chunguza kisukumio, halafu uangalie kama ganda limejaa baruti kiasi cha kukisukuma kichwa kirudi juu.

*Fataki inaingia bila ukinzani.* Kitundu chake kimetanuka. Usilipe ganda hilo nafasi nyingine. Livunje mdomo kwa koleo.

*Mstari mng'avu unaozunguka ganda, juu kidogo ya kitako.* Kunja ncha ya waya mwembamba, iingize ndani ya ganda na kukwaruza ukutani. Waya ukizama kwenye mfereji, ganda hilo liko karibu kukatika vipande viwili. Litupe pamoja na wenzake waliofyatuliwa mara idadi ileile, kisha upime upya bega linarudi kiasi gani, kwa sababu kalibu yako imefungwa chini mno.